Kaburi la Mwalimu Wambugu

Litein, 14 Januari 2025

Kwa Benard, ndugu yangu wa tumbo moja,

Chamge. Salamu zitoke hapa kwetu zifike Nairobi kwako na kwa Shirley na kwa watoto, kila mtu achukue zake asinyang'anye za mwenzake. Johana anakusalimia. Mguu wa shemeji yako ni ule ule, lakini anatembea mpaka kwa ng'ombe na kurudi. Kogo Cheptoo, mama yake Johana, anakusalimia. Macho yamekwisha lakini mdomo uko mzima, jana amemwambia Johana anakula kama mtu anayelipiza kisasi. Fancy binti yetu anakusalimia, amepata nguvu na maziwa yanatoka. Jerusa wa hapa jirani anakusalimia na anauliza kama bado unaringa. Wale wa kwaya wanakusalimia. Hata ile ng'ombe nyeupe ulitupatia ingekusalimia, ilizaa ndama dume tena. Mimi mwenyewe niko tu.

Krismasi tulikungoja. Ni mwaka wa pili hujakuja. Sisemi ni vibaya, nasema tulikungoja, na ile mursik, maziwa ya kibuyu niliyokuwekea, ilibidi Jerusa ainywe.

Nimeandika kwa sababu simu siwezi. Tangu ile homa ya mwaka juzi sikio moja limekufa na hili lingine linasikia mvumo tu, kama mashine ya kiwanda cha chai. Mtu akinipigia lazima Fancy arudie maneno kwa sauti kubwa, na nyumba nzima inasikia. Haya maneno sitaki nyumba nzima isikie. Nimempa dereva wa gari la parseli, amesema ataacha pale ofisi yao ya mjini na jina lako juu.

Benard, unajua Fancy alijifungua mwezi wa kumi na mbili, tarehe tatu. Mvulana. Baba yake hatujamwona, kwa hivyo mtoto ni wa nyumba hii na jina lake litatoka kwa watu wa nyumba hii. Basi tukakaa wamama asubuhi kumwitia jina. Wewe ni mwanaume lakini unajua vile inafanywa. Kogo anaita waliokufa mmoja mmoja, na tunangoja mtoto apige chafya. Yule ambaye jina lake limeitwa na mtoto akapiga chafya, ndiye amerudi nyumbani.

Mtoto alikuwa kwa mapaja ya Jerusa. Kogo akaita mume wake, kimya. Akaita ndugu za mume wake wote wanne, kimya. Akaita mpaka wale mimi sikuwajua. Jerusa akamgusia tumbaku kidogo puani, mtoto akakunja uso tu kama mzee aliyeonja dawa, tukacheka. Kogo akachoka. Halafu akasema, Kipngeno.

Mtoto akapiga chafya.

Hakuna mtu alipiga vigelegele. Fancy akasema, Kogo, huyo ako hai, aliye hai haitwi. Kogo akasema yeye ameita vile ulimi umeenda. Na wakati wanabishana, mtoto akapiga chafya ya pili.

Mimi nilienda jikoni nikapika chai. Nikaweka chumvi mahali pa sukari, na wamama wote wakainywa mpaka mwisho.

Sasa mtoto hana jina. Ukimpa jina la mtu anayeishi, umemzika huyo mtu. Na kama huyo mtu amekufa, halafu ukampa mtoto jina lingine, umemfungia mlango na alikuwa amebisha. Katekista anataka kumwandika kwa ubatizo wa Pasaka na ameacha mahali wazi.

Wewe ndiye ulimwona Kipngeno, mtoto wangu, mwisho. Ulituambia amepata kazi Qatar ya kulinda lango, na sasa ni karibu miaka miwili. Nipe namba yake ya huko. Fancy atapiga mbali na nyumba. Johana hajui hii maneno ya chafya, na sitamwambia, kwa sababu jina la Kipngeno halitajwi mbele yake tangu ile siku ya majani. Wewe ulikuwa hapo, ulisikia alivyosema.

Siulizi kitu kingine. Namba tu.

Dada yako,
Chepkemboi


Nairobi, 23 Februari 2025

Kwa dada Chepkemboi,

Pokea salamu kutoka kwangu, Shirley na watoto. Tuko salama. Kijana wetu mkubwa ameingia sekondari na tayari anatusahihisha Kiswahili. Msalimu shemeji Johana na mguu wake. Msalimu Kogo Cheptoo, mwambie aache kumhesabia mwanawe matonge. Mpe Fancy pole na hongera, mbusu mtoto shavuni. Jerusa mwambie siringi, nimezeeka tu.

Barua yako ilifika mapema. Nimechelewa kwa sababu ya kazi. Paroko mpya ana mpango wa kutengeneza kijitabu cha watu mashuhuri waliozikwa hapa kwenye makaburi yetu ya Wakatoliki, ili wageni wakija wazunguke wakisoma. Amenipa mimi kazi ya kuwataja, kwa kuwa nimekaa na mawe haya miaka kumi na tisa na yeye ana miezi mitano. Anaandika, mimi namwonyesha kwa fimbo.

Wewe uliniuliza siku moja kama siogopi kukaa na wafu mchana kutwa. Hawa si watu wa kuogopa. Yuko Sista Nyambeki, daktari, aliyezalisha wanawake wa mitaa ya chini mpaka akawa anawasahau majina, lakini hakusahau mtoto aliyetangulia miguu. Wale watoto wake sasa ni wazee na bado wanamletea mishumaa. Yuko Jaji Adongo, aliyekuwa anarudisha hata mbuzi wa zawadi, akimwandikia barua mwenye mbuzi. Yuko bondia Nyamwange, na juu ya jiwe lake wamechonga glavu mbili ambazo mvua imezila zikawa kama viazi. Paroko alicheka sana hapo, kisha akajikumbuka akafanya ishara ya msalaba.

Na yuko Mwalimu Danson Wambugu, mtunzi wa nyimbo za kwaya. Zile mnazoimba hapo Litein wakati wa vipaji vya sadaka, nyingi ni zake. Lake ndilo kaburi zuri kuliko yote, safu ya tatu, karibu na ukuta. Ninalipalilia kwa mikono yangu kila Jumamosi, simwachii mtu. Nimepanda maua meupe kuzunguka jiwe, na mwaka jana nilimwaga hapo udongo mwekundu wa kwetu, ule niliokuja nao zamani kwenye gunia la viazi.

Kuhusu Kipngeno, watu wanaofanya kazi huko hubadilisha laini kila wakati. Ile niliyokuwa nayo haipatikani. Mara ya mwisho nilipomwona hakuwa na maumivu yoyote. Kogo ni mzee, ulimi uliteleza. Rudieni kuita, mtamsikia mwingine.

Nakutakia Kwaresima njema.

Ndugu yako,
Benard


Litein, 16 Machi 2025

Kwa ndugu yangu Benard,

Salamu nyingi kwako na Shirley na yule anayesahihisha watu Kiswahili, mwambie asisome hii yangu, mimi niliachia darasa la nne. Johana ako sawa. Kogo ako sawa, amekataa kuita tena, anasema yeye alimaliza kazi yake na sisi ndio hatukumaliza yetu. Fancy ako sawa. Mtoto amenenepa. Mvua ya mawe ilipiga wiki jana ikararua majani yote ya juu, shamba limekaa kama kuku aliyenyonyolewa. Kwa hivyo siku hizi siendi kuchuma, na nina wakati wa kufikiria, ambao sikuuomba.

Barua yako ilinifurahisha pale mwanzo. Niliisoma mara tatu. Nikasema ndugu yangu anafanya kazi na watu wakubwa. Nikaiweka kwa kifua nikaenda nayo Litein sokoni, kutafuta kitambaa cheupe cha mtoto cha ubatizo.

Nilienda kwa Nyathira. Wewe humjui, ni mama wa duka la vitambaa karibu na stendi, watu wao walitoka Nyeri wakakaa kule Kipkelion, upande wa Fort Ternan. Ni mtu mzuri, akinipimia kitambaa huongeza kidole kimoja. Anajua masikio yangu, huwa anakuja karibu na anaongea polepole nikimwangalia mdomo. Na nilijua baba yake alikuwa mwalimu wa nyimbo huko Nairobi, aliitwa Wambugu, kwa sababu picha yake iko ukutani juu ya cherehani. Nikamwambia, Nyathira, leo nimekuletea salamu, ndugu yangu ndiye anapalilia kaburi la baba yako. Nikamtolea barua asome mwenyewe.

Alisoma akicheka kidogo. Halafu akaacha kucheka. Akanigeuza nimwangalie mdomo.

“Mama, baba yangu hayuko Nairobi,” akasema. “Tulimhamisha miaka mitatu iliyopita.”

Akanieleza mama yake alipokuwa karibu kufa alikataa kuzikwa Kipkelion peke yake mume akiwa mjini. Basi wakapata ruhusa, wakamchimbua Mwalimu na wakamleta, na sasa wamelala pamoja shambani chini ya miparachichi. Jiwe ndilo liliachwa, kwa sababu lilikuwa zito na wakasema watachonga jipya. Akasema mzee mmoja mwenye makovu mkononi aliwasaidia kuchimba na alikuwa na heshima sana. Huyo ni wewe, Benard. Ni ile makovu ya moto wa mkaa.

Nyathira alidhani labda umechanganya makaburi. Nikamwambia ndiyo, labda. Nikalipa kitambaa nikatoka. Sikumbuki njia ya kurudi. Nilikuta niko nyumbani nakata sukuma.

Benard, mimi nimelima majani ya chai tangu niolewe. Mtu hapalilii mahali hana kitu. Mtu habebi udongo wa kwao kwa gunia kwenda kumwaga kwa jiwe la mtu mwingine ambaye hayuko.

Sikuulizi namba tena. Nauliza hivi tu. Nani amelala kwa Mwalimu Wambugu?

Dada yako,
Chepkemboi


Litein, 27 Aprili 2025

Kwa Benard,

Salamu kwako na Shirley na watoto. Hapa wote wazima.

Pasaka imepita. Watoto kumi na moja walibatizwa. Wa kwetu hakubatizwa. Katekista amesema Pentekoste, na baada ya hapo ni mwaka ujao. Fancy anamwita Wewe. Anasema Wewe nyonya, Wewe lala. Kogo anamshika tu mguu.

Nimekuwa nikienda pale gari la parseli linasimama, siku ya Jumanne na Ijumaa. Dereva sasa akiniona ananitikisia kichwa kutoka mbali kwamba hakuna, ili nisipande kilima bure.

Nimefikiria labda barua yangu ilipotea. Nikasema kama ilipotea basi ndugu yangu hana makosa. Lakini kama unayo, usiniandikie tena juu ya watu wakubwa. Wamelala, Mungu awaweke. Niandikie juu ya wangu.

Chepkemboi


Nairobi, 11 Mei 2025

Kwa dada yangu Chepkemboi,

Barua yako ya Machi haikupotea. Iko kwenye mfuko wa koti la kazi tangu siku ilipofika.

Kipngeno ndiye amelala pale.

Hakwenda Qatar. Hakuna siku aliyotoka Nairobi. Alipotoka kwenu baada ya ile siku aliyong'oa mistari miwili ya majani ya chai ya shemeji ili apande parachichi, alikuja kwangu. Nilimpa kitanda, na paroko wa zamani akampa kazi ya kukata nyasi hapa. Alikuwa mchapakazi, na alikuwa anawachekesha wachimbaji. Alikuwa anapita kwenye mawe asubuhi akiwasalimia, Jaji umelalaje, Sista shikamoo. Alinisaidia kumtoa Mwalimu Wambugu. Yule mzee wa makovu ni mimi, na kijana aliyekuwa ndani ya shimo ni Kipngeno.

Mwaka uliofuata alianza kukohoa. Tulidhani ni vumbi. Alipokubali kwenda hospitali kifua kilikuwa kimekwisha. Alikaa wiki tano wodini. Shirley alikuwa anampelekea uji. Alifariki tarehe tisa Agosti mwaka 2023, saa nne asubuhi, mimi nikiwa nimekaa kitandani pake. Nilikuandikia kwamba hakuwa na maumivu. Hilo ni kweli, walimpa dawa.

Nilitaka kukuita siku ile alipozidiwa. Alinizuia. Sitayabadilisha maneno yake, dada, nayaandika kama alivyoyasema.

“Mama asijue mpaka Baba arudishe maneno yake. Akijua kwanza atakuja kunichukua. Baba atafunga lango, na Mama atabaki nje na mimi.”

Shemeji alisema mbele yangu na mbele yako kwamba huyu asirudi kwa lango lile hata akiwa amebebwa. Unajua maneno ya baba. Mimi ningeleta sanduku lisimame barabarani? Mahali pa kumzika hapa pia hapakuwapo, nafasi za makaburi haya zilikwisha zamani. Ni lile shimo la Mwalimu peke yake lililokuwa limebaki. Paroko wa zamani alikubali, akamsomea Misa, na kitabuni ameandikwa kwa jina lake, safu ya tatu, kaburi la saba. Paroko mpya hajafungua kitabu hicho, anasoma mawe. Jiwe sikuligusa. Jiwe huandikwa na wenyewe, na wenyewe hawakuwa wamejua.

Haya yote ni sababu, na niliyashika kama sababu. Lakini kuna kitu kingine. Ningeweza kwenda kumwambia shemeji Johana peke yake, mwanaume kwa mwanaume. Miaka miwili nilikuwa nasema mwezi ujao. Niliogopa nikija utanipikia, utaniuliza habari zake, nami nitakula chakula chako nikidanganya. Ndiyo maana sikuja Krismasi.

Wageni wa kijitabu wameanza kuja. Wanasimama pale safu ya tatu, wanaimba nyimbo za Mwalimu kwa sauti nne, wanaacha maua. Mimi nakaa nyuma na fimbo yangu. Wakishaondoka namwambia Kipngeno avumilie.

Mpeni mtoto jina lake. Msamaha siuombi kwa barua.

Benard


Litein, 15 Juni 2025

Kwa ndugu yangu Benard,

Chamge. Johana anakusalimia. Kogo Cheptoo anakusalimia. Fancy anakusalimia. Jerusa anakusalimia. Kipngeno anakusalimia, ana jino moja chini na wiki hii amekaa mwenyewe bila kushikwa.

Nilipata barua yako Ijumaa ya mwisho ya mwezi wa tano. Niliisomea palepale penye gari. Dereva alinipa kiti chake nikae nikakataa, nikarudi nyumbani nikakamua ng'ombe. Watu wanauliza kama nililia. Sijalia. Jerusa anasema itakuja yenyewe, nisiisukume. Mimi naona tu kama mikono ni ya mtu mwingine, inafanya kazi na mimi naiangalia.

Kesho yake nilimpa Johana barua akiwa anarekebisha ua. Alisoma, akaikunja, akanirudishia, akaendelea kupiga misumari. Nikangoja. Akapiga misumari mpaka ikaisha. Kisha akaingia ndani akala. Siku ya pili pia alikula, na siku ya tatu. Kogo akamwambia leo hasemi kitu juu ya matonge, kula, lakini ujue unakula mbele ya mtu aliyesimama mlangoni.

Siku ya nne asubuhi nilimfunga mtoto mgongoni, nikachukua kigoda, nikatoka nje ya lango. Nikalifunga mwenyewe kutoka nje. Nikakaa hapo kando ya barabara.

Wachumaji wakapita wakienda, wakaniita mama wa Kipngeno, wakauliza, Bot Kipngeno, kwani umefukuzwa? Nikasema hapana, namngoja mtoto wangu, tunaingia pamoja. Waliangalia barabara juu na chini, hawakuona mtu. Wengine waliendelea. Jerusa aliweka kikapu chini akakaa na mimi. Fancy alikuwa anakuja kunyonyesha hapo hapo na kurudi. Jua likatoka, likaja manyunyu kidogo, likatoka tena. Wachumaji walirudi kutoka kupima majani wakatukuta, na safari hii hawakupita, walisimama.

Johana alikuja saa ya kukamua. Alikuwa amevaa koti lake la kanisa na ameshika kibuyu cha mursik. Alitembea polepole, unajua ule mguu. Akafungua lango. Nikamwangalia mdomo kwa sababu nilijua sitasikia, na mdomo wake ulikuwa unatetemeka nikaogopa sitashika maneno. Lakini nilishika yote.

“Kipngeno, nilisema usirudi hata umebebwa. Hayo maneno nimeyarudisha, nimeyameza. Ingia kwenu.”

Akanywa maziwa, akamtemea mtoto kifuani kidogo, vile wazee hubariki. Mtoto alishtuka akamshika koti. Jerusa anasema vigelegele vilikuwa vinne, vya mvulana, vilifika mpaka barabara ya lami. Mimi sikuvisikia. Niliona midomo ya wamama imefunguka na nikajua ni hivyo.

Tuliingia. Johana alienda kukaa nyuma ya nyumba na akakaa huko mpaka Kogo akaenda kumwita. Katekista amemwandika mtoto siku ya Pentekoste, Benedicto Kipngeno, mahali pale wazi pamejazwa.

Nyathira nimemwambia. Alifunga duka akaja na mimi mpaka kwetu, akakaa na Johana. Alisema hilo jiwe ni letu sasa, lakini Johana akasema liache kwanza mpaka akalione. Johana anataka Kipngeno aletwe alale hapa, kwa ile mistari miwili aliyong'oa, ambayo haikupandwa kitu mpaka leo. Mimi sijui kama nataka asumbuliwe mara ya pili. Hilo tutaongea tukiwa tumeketi, wewe ukiwa ndani. Sijakasirika vile unafikiri. Labda nitakasirika baadaye, sasa sina mahali pa kuiweka. Lakini utakula kwangu, na nitakuuliza habari zake, na utanieleza zote, alicheka nini, alikula nini, nani alimfua nguo. Shirley mwambie ule uji nimeuona.

Mwezi wa nane, tarehe tisa, tutakuja. Mimi, Johana, Fancy na mtoto, na Nyathira atatuonyesha njia. Usituwekee sherehe.

Kitu kimoja tu, Benard, kabla hatujafika. Wewe ulishuka ndani ya shimo ukapokea sanduku, najua, hungemwachia mtu. Niambie kichwa chake uliweka upande gani, wa ukuta au wa njia. Huko kutakuwa na watu wanaimba na wengine wananisemesha, na mimi sitawasikia. Sitaki kuuliza mtu. Nataka nikifika niende moja kwa moja nikae upande wa kichwa.

Nijibu upesi, mpe dereva huyu huyu, anangoja Jumanne. Na kama hukumbuki, usibuni. Andika tu hukumbuki.

Dada yako,
Chepkemboi